Mota ya baiskeli ya umeme: kabla ya kuuliza wati, pima mwendo wako wa chini

Wateja wengi wakifika dukani kwetu hapa Malindi huuliza kwanza mota ni ya wati ngapi. Sisi tungependa uanze na jambo jingine: ni wapi baiskeli yako hulazimika kwenda polepole kabisa, na hapo huwa imebeba kilo ngapi? Mota huungulia hapo. Kwenye lami ya kwenda Gede karibu mota yoyote itakufikisha. Kwenye mchanga wa kutoka ufuoni Mayungu, nyuma una kasha la samaki na barafu, kuna mota ambazo hazitamaliza msimu.

Mota inayovuta mzigo huku ikizunguka polepole hunyonya umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto ndani ya koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, badala ya kuwa mwendo. Baiskeli, mwendeshaji na mitungi minne ya maji ya lita 20 ni karibu kilo 180. Kuisukuma kwenye lami tambarare ni kazi ndogo. Ikiingia mchanga laini, nguvu inayotakiwa inaweza kuwa mara kumi au zaidi.

Mota ziko za aina tatu. Ya kwanza ni mota ya habu, yaani inayokaa kwenye kitovu cha gurudumu, isiyo na gia. Ni pana kama sinia, ina uzito wa kilo 5 hadi 8, na ndani hakuna kinachosagika isipokuwa beringi. Haina kelele, na kwa mtu wa kwenda Watamu na kurudi kwa lami bila mzigo mkubwa, itamtumikia miaka. Wauzaji huisifia kwamba hurudisha umeme kwenye betri ukifunga breki. Ni kweli, kama kontrola yake, kile kisanduku kinachoongoza umeme kati ya betri na mota, inaruhusu, lakini mji wetu ni tambarare na faida hiyo ni ndogo, usiilipie zaidi. Ubaya wake ni mwendo wa chini wenye mzigo. Ukisikia harufu ya vanishi kutoka kwenye habu, simama, koili zinaungua. Na betri ikikuishia njiani utapiga pedeli huku sumaku zikikuvuta nyuma.

Ya pili, mota ya habu yenye gia, ni ndogo, kilo 2 hadi 4. Ndani yake mota huzunguka kama mara nne au tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kisha gia ndogo, kwa kawaida tatu, hubadilisha mbio hizo kuwa nguvu. Kwa kuwa mota yenyewe haizunguki polepole, haichemki upesi kwenye mchanga. Ina klachi ya upande mmoja pia, hivyo betri ikiisha gurudumu hujiendea tu. Kwa wabeba mikate, samaki na maji hapa Malindi, hii ndiyo tunayoipendekeza. Gia zake nyingi ni za nailoni, na kinachoziua ni kufungua akselereta yote baiskeli ikiwa imesimama na mzigo. Piga pedeli mizunguko miwili mitatu kwanza, ndipo uongeze umeme taratibu. Ukisikia mota inavuma na gurudumu haliendi, gia zimesagika au klachi imekufa. Vyote viwili hubadilishwa bila kununua mota nyingine.

Ya tatu hukaa katikati, kwenye pedeli, na huvuta kupitia cheni na gia za baiskeli yenyewe. Kwa anayepanda na mzigo kuelekea Marafa, hakuna inayoishinda. Ila nguvu yote hupita kwenye cheni, na cheni yenye mchanga na chumvi huisha haraka, ikila na sproketi. Ukibadilisha gia achia akselereta kwanza, la sivyo cheni hukatika. Na kama baiskeli yako ina gia moja tu, usinunue mota hii. Faida yake kubwa utakuwa umeiacha dukani.

Wenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za kizamani, wanahitaji uangalifu zaidi. Mota nyingi za nyuma hutaka nafasi ya milimita 135 kati ya taya za fremu, pale ekseli inapokaa, na baiskeli hizi ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo mara nyingi tunafunga ya mbele, inayotaka milimita 100. Foki iwe ya chuma. Ya alumini hatuifungi mota, kwa sababu taya zake hupasuka ghafla. Hesabu matundu ya spoki kwenye rimu: za zamani mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma, na mota nyingi zina 36. Zisipolingana itabidi rimu nyingine, nayo iwe ya aina ile ile ya zamani, la sivyo breki za fito hazitaishika. Ekseli ya mota huwa imebapwa pande mbili hadi unene wa milimita 10, na taya ikiwa finyu hupigwa tupa kidogo tu hadi iingie kwa kubana. Lazima kiwekwe chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Ikizunguka mara moja hukata nyaya zote. Kwa mota isiyo na gia inayorudisha umeme weka pande zote mbili, kwani nguvu huvuta mbele na nyuma. Kaza nati tena baada ya wiki ya kwanza.

Chumvi ya bahari haibagui mota. Maji huingilia pale waya unapoingia kwenye ekseli, basi waya ulegezwe ushuke chini kwanza kabla ya kupanda, matone yadondoke nje. Soketi zipakwe grisi ya umeme. Osha kwa kitambaa chenye maji baridi, kamwe si kwa mpira wa presha.

Siku gurudumu la mota isiyo na gia likawa zito kusukuma kuliko kawaida, usikimbilie kununua jingine. Zima, chomoa nyaya tatu nene kati ya mota na kontrola, kisha zungusha. Likiwa jepesi, kontrola ndiyo imeungua, na hiyo ni nafuu. Likibaki zito, nyaya hizo zimegusana ndani, mara nyingi karibu na ekseli. Mota ikitetemeka na kurukaruka wakati wa kuanza, tazama nyaya tano nyembamba za vihisi, vinavyoiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko.

Kuhusu betri, zidisha volti kwa ampea-saa: 36 kwa 10 ni wati-saa 360. Ukipiga pedeli bila mzigo, hesabu wati-saa 12 kwa kilomita, yaani kama kilomita 30. Na mzigo mzito, hesabu 20, yaani kilomita 18.

Ukija dukani njoo na baiskeli yenyewe, si picha, na mzigo wako wa kawaida ukiwa juu ya keria.