Dozi ya insulini ya paka isipandishwe kwa kukisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Igoma, ambaye barua yake kuhusu paka mwenye kisukari ilichapishwa hivi karibuni. Namshukuru kwa kulileta jambo hili gazetini, kwa kuwa wapo watu hapa Mwanza wanaoamini kuwa kisukari ni ugonjwa wa binadamu peke yake. Paka wao hunywa maji kutwa, hukojoa kupita kiasi, hula kwa pupa na bado hukonda, na hata anapoanza kutembea akikanyagia kifundo kizima cha miguu ya nyuma badala ya vidole, wao husema ni uzee. Hata hivyo, mashauri mawili aliyoyatoa yamenitia hofu. La kwanza ni kwamba paka akatishwe ugali mara moja na apewe dagaa watupu. La pili ni kwamba kila asubuhi kipimo cha sukari kwenye damu kikizidi 10 (namba zote za sukari katika barua hii ni milimoli kwa lita), dozi ya insulini iongezwe uniti moja, yaani kizio kimoja cha kupimia dawa hiyo. Kila shauri likitazamwa peke yake lina sura ya busara, lakini yakifuatwa kwa pamoja yanaweza kumuua paka kabla ya adhuhuri.

Mimi ni muuguzi mstaafu niliyehudumu katika kliniki ya kisukari ya binadamu, na nyumbani namfuga dume aliyehasiwa ambaye hudungwa insulini asubuhi na jioni. Nianze na chakula. Paka wengi wa mji huu hula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, pengine na mapanki ya sangara (mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa) siku yakipatikana. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauna uwezo mkubwa wa kushughulikia wanga, kwa hiyo msomaji yule hakukosea kuulaumu ugali. Alichokiacha ni kwamba ugali ukiondolewa, sukari ya paka hushuka, mara nyingine ndani ya siku chache tu, ilhali dozi iliyopangwa wakati wa ugali bado ni ileile. Mwenye paka anayetaka kubadili chakula amweleze daktari wa mifugo kabla ya kubadili, abadili kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au zaidi, na awe anapima, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kupunguzwa wakati uleule ambao yeye anafikiria kuiongeza. Wapo paka ambao, wakitibiwa mapema na kupunguziwa wanga, sukari yao hutulia kabisa baada ya wiki au miezi kadhaa na hawahitaji tena sindano. Paka wa namna hiyo akiendelea kuongezewa uniti yumo hatarini.

Kuhusu dagaa wenyewe, wale wa soko la Mwaloni ni chakula kizuri, mradi waoshwe mpaka mchanga uishe, wachemshwe bila chumvi, na wasipewe wabichi, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Samaki pekee kila siku si mlo kamili, nyama ichanganywe. Vyakula vikavu vya paka vinavyouzwa madukani vingi vina wanga mwingi kuliko vile vya kopo, jambo ambalo bei yake haikwambii.

Shauri la pili ndilo baya zaidi. Kipimo kimoja cha asubuhi huonyesha sukari ilivyo pale dozi ya jioni inapomalizika nguvu, wala hakisemi lolote kuhusu saa zilizopita katikati. Tuchukulie paka aliyedungwa saa moja asubuhi sukari ikiwa 17. Saa tatu ikawa 11, saa tano 6, saa saba 4, saa tisa 7, saa kumi na moja 13, na saa moja jioni ikarudi 18. Mwenye kuona 17 na 18 tu atasema dozi ni ndogo. Mwenye kuona 4 ya saa saba atajua kwamba uniti moja zaidi ingeweza kumfikisha paka huyo kwenye kifafa. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hutaka paka apimwe kila baada ya saa 2 kwa muda wa saa 12, na huamua dozi kwa kutazama ile namba ya chini kabisa, ambayo kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 4.5 na 8. Dozi ikishabadilishwa huachwa walau siku 5 hadi 7 kabla ya kuguswa tena, isipokuwa sukari iwe imeshuka mno, hapo hupunguzwa mara moja. Paka wengi huanzishiwa uniti 1 kila baada ya saa 12, na kwa mnyama wa kilo 4 au 5 nusu uniti si kitu cha kupuuzwa.

Hiyo 10 ya msomaji mwenzangu nadhani aliichukua kwenye kadi ya mgonjwa binadamu. Figo za paka huanza kupitisha sukari kwenye mkojo inapokuwa juu ya 14 hadi 16 hivi, na paka ambaye sehemu kubwa ya siku yuko chini ya hapo, bila kushuka mno, huwa hana kiu ya ajabu na hurudisha mwili. Isitoshe, hofu peke yake humpandisha paka. Mtie kwenye tenga, mpakie bodaboda mpaka kwa daktari, mbwa ambweke mlangoni, na hata paka asiye na kisukari anaweza kusoma 15. Kwa sababu hiyo kipimo cha nyumbani, paka akiwa ametulia, kina thamani kuliko cha kliniki. Upimaji wenyewe hauhitaji nguvu: sikio hupashwa joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, hukaushwa vizuri, kisha ukingo wake wa nje hudungwa kando ya ule mshipa mdogo, huku pamba ikishikiliwa upande wa pili ili sindano isipenye hadi kidoleni. Tone dogo hutosha. Ila ikumbukwe kwamba mashine za kupimia binadamu mara nyingi humsoma paka chini kidogo ya hali halisi, kwa hiyo mashine ibaki ileile na daktari aambiwe ni ya aina gani.

Mabomba ya sindano nayo yana mtego. Insulini zinazouzwa katika maduka ya dawa za binadamu kwa kawaida zina uniti 100 katika mililita moja, ilhali zipo za mifugo zenye uniti 40. Bomba la uniti 40 likitumiwa kuvuta dawa ya uniti 100, alama ya 2 huwa ni uniti 5. Hata bomba sahihi linaweza kuponza, kwani mabomba mengi ya mililita 1 yana mstari kwa kila uniti 2, na anayetaka uniti 1 hukisia nafasi kati ya mistari. Aulize ya mililita 0.3. Vilevile insulini ya mchanganyiko wa 30/70, ambayo wengi wanayo kwa sababu ya mgonjwa aliyemo nyumbani, ina sehemu inayoshusha sukari kwa haraka, na paka huimaliza insulini ya kawaida ya binadamu upesi kuliko sisi. Aina ya dawa achague daktari wa mifugo, si jokofu la jirani.

Wapo watakaosema dawa hii ni ghali kwa mnyama, nami siwapingi, lakini gharama kubwa imo katika kutupa. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000, na paka wa uniti 2 kwa siku angeitumia mwaka mzima na zaidi, wakati chupa iliyofunguliwa hutakiwa kuachwa baada ya wiki 4 hadi 6 kulingana na aina. Dawa iliyochoka ndiyo huwafanya watu waongeze uniti, kisha wakifungua chupa mpya kwa dozi ileile iliyopanda, paka huanguka. Kwa hiyo kichupa cha mililita 3 ni nafuu zaidi kwa mwenye paka, japo bei yake kwa uniti ni kubwa. Ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo.

Sukari ikishuka chini ya 3.5, au paka akilegea, akayumba au akatetemeka, apakwe asali au glukosi ya unga iliyolowanishwa kwenye ufizi, bila kumiminiwa mdomoni ikiwa ana degedege, apewe chakula akiweza kumeza, kisha akimbizwe kwa daktari hata kama ameonekana kupata nafuu, kwa kuwa insulini huwa bado inafanya kazi mwilini. Paka aliyegoma kula au anayetapika asidungwe dozi kamili kabla daktari hajaulizwa. Na ikitokea amejikurupusha wakati wa kudungwa, manyoya yakabaki yameloa na mtu asijue ni kiasi gani kimeingia, sindano isirudiwe. Asubiri zamu inayofuata, saa 12 baadaye, maana paka kukaa nusu siku na sukari ya juu ni jambo linalovumilika.

Msomaji wako,
Nyamanoro, Mwanza