"Akae nyumbani kwanza", akae na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, maana ya shuleni imenishinda kuipata.

Mwanangu ana miaka nane na ana usonji. Haongei ila anaelewa vizuri tu, we taja neno kuoga uone anavyokimbilia mlangoni. Shule ya kwanza walisema hawana mwalimu wa mahitaji maalum, ya pili wanaye ila darasa limejaa, ya tatu wakamchukua kwa majaribio wiki mbili, hapo ndo simu zikaanza, mama njoo amevua viatu, mama njoo amejificha chini ya meza, mama njoo kengele imemshtua hanyamazi, mpaka siku moja nikaambiwa kwa upole kabisa akae nyumbani kwanza, tutakupigia. Huu mwaka wa pili sijapigiwa.

Sasa hilo neno "akae nyumbani" ndo limenifanya niandike. Akae na nani? Anayelisema anajua kabisa kwamba kuna mtu huko nyumbani, mtu ambaye hana ratiba wala bosi, na mtu huyo kila mara ni mama. Mimi ni mhasibu. Mwisho wa mwezi hesabu lazima zifungwe, mtoto awe na shule asiwe nayo. Nimeomba niende ofisini nusu siku, iliyobaki naimalizia usiku akishalala, nalala saa nane yeye anaamka saa kumi na moja. Wasaidizi watatu wameshaondoka, na siwalaumu.

Vikao nahudhuria kwa simu. Kuna siku yeye yuko sakafuni anapanga vifuniko vya chupa mstari mrefu hadi mlangoni, vyote vimeangalia juu, kimoja kikipotea ni vita, halafu bosi ananiuliza takwimu za robo mwaka wakati mimi niko magotini napapasa chini ya kabati natafuta kifuniko cha bluu. Nikafungua sauti nikazitaja zote, hakuna niliyokosea. Kifuniko ndo sikukipata, na kilio chake kikao kizima walikisikia. Hakuna aliyesema kitu. Bosi wangu hajawahi kunifokea hata mara moja, ila nafasi ya kupanda cheo imenipita mara mbili na mara zote mbili naambiwa "tulijua una mambo mengi". Mambo mengi ninayo ni moja tu jamani, shule.

Wapo wanaoniambia si uache kazi ulee mtoto. Baba yake hawajawahi kumwambia hivyo, na hayo mazoezi yake ya kuongea yanalipwa na mshahara huohuo wanaotaka niuache.

Na si kwamba haya hayajaandikwa popote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu upo tangu 2006, kifungu cha 24 kinasema mtu asiachwe nje ya mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu wake, na karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Shirika la Kazi Duniani nalo lina mkataba namba 156 wa 1981, unasema majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ila huo nchi nyingi hazijauridhia mpaka leo. Ukinisoma vizuri utaona mimi hakuna aliyenifukuza kazi wala hakuna aliyemfukuza mwanangu shule. Yote ni maneno ya mdomo, na ya mdomo huwezi kuyapeleka popote kulalamika.

Ndo maana naomba kitu kidogo sana. Shule ikimkataa mtoto iandike barua, sababu ni hii, yuko wa ngapi kwenye listi ya kusubiri, na lini tutakuita. Nikiwa na karatasi hiyo naweza kwenda kwa wahusika wa elimu, naweza pia kumuonyesha bosi nikaomba masaa yangu yapangwe upya kwa muda unaojulikana, siyo kila wiki kuomba radhi kama mtoro. Na zile shule zinazosema mlete saa tatu umchukue saa tano, tafadhali msiwahesabu hao watoto kwamba wamepata nafasi. Masaa mawili hata ofisini sijafika vizuri nishageuza.

Jumatatu narudi pale shule ya tatu, kalamu na karatasi nitakuja navyo mwenyewe, wao kazi yao ni kuandika na kugonga muhuri.

Mama wa mtoto mwenye usonji