Ngumi za Black Panther

Swahiba,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetufungia ndani, nami nikaona bora nikujibu kwa maandishi kuliko kurushiana sauti za dakika kumi kumi. Ujumbe wako niliusikiliza kwenye daladala, nikacheka mpaka konda akanigeukia. Unasema Black Panther ni picha zuri lililokosa ngumi, na kwamba pale mwishoni uliona katuni mbili zinaparurana gizani, ukaenda zako jikoni kuchemsha chai. Kuhusu katuni sikubishii. Nina neno na wewe juu ya hiyo chai.

Kwanza tukubaliane kwamba mimi na wewe si mahakimu wapole. Tumelelewa na picha za Hong Kong kwenye vibanda umiza. Hadithi ilikuwa kisingizio: mwalimu kauawa, mwanafunzi kaapa, basi, tumeelewa, waanze. Lakini pigo uliliona. Kamera ilikaa mbali, mtu mzima yumo ndani ya kioo kuanzia utosi hadi kisigino, teke linaanza na kuisha bila kukatwa. Jackie Chan anapoteleza kwenye ule mlingoti wenye taa ndani ya duka kubwa, mwishoni mwa Police Story ya 1985, wanakurudishia tukio lile lile zaidi ya mara moja usije ukasema ni uongo. Hata hiyo The Raid unayoiabudu, ya 2011, ukimwomba mtu akusimulie hadithi yake atamaliza kabla hujakaa: polisi wanaingia kwenye ghorofa la majambazi, wanapanda. Iko Uwais anamaliza kazi iliyobaki kwa viwiko.

Sasa kuna picha za upande wa pili, na ndizo zinazoniuma, maana zinanipa kila kitu halafu zinaninyima hicho kimoja. Chukua Batman Begins ya 2005. Hadithi imeshiba. Mtoto kaona wazazi wake wakiuawa, anakua na hofu, anaitafuta hofu yenyewe hadi anaivaa. Kwa ajili ya ngumi wakachukua mtindo wa Keysi, wa kujikinga kwa viwiko na kupigana palipobanana, mtindo mtamu kabisa kuutazama. Christopher Nolan akasogeza kamera karibu mno, ukaona bega, giza, kiwiko, giza, mtu kalala. Pale bandarini Batman anapojitokeza mara ya kwanza sina neno, kwa sababu tunatazama kwa macho ya majambazi, na wao hawajui nini kinawanyakua mmoja mmoja. Ila mpaka kwenye treni ya mwisho, ambako hakuna tena wa kushtuliwa, bado ni giza na mabega? Huyo huyo Nolan, mwaka 2012, kwenye The Dark Knight Rises, alimwachia adui Bane amtwange Batman kule chini ya ardhi, muziki umenyamazishwa, unasikia maji na mapigo tu, kamera imetulia. Steringi anapigwa mpaka unamwonea huruma. Kumbe anaweza akitaka.

Kwa Ryan Coogler, mwongozaji wa Black Panther, ni vivyo hivyo, na ndiyo maana siikubali ile hoja yako kwamba "hajui picha za ngumi." Kaangalie Creed, ya 2015. Kuna pambano zima la ndondi ambalo kamera inaingia ulingoni na mabondia na haikatwi mpaka liishe, inawazunguka kama refa wa pili. Na anayepigana humo ni Michael B. Jordan, yule yule aliyekuja kuwa Killmonger, adui wa Black Panther, miaka mitatu baadaye. Mwongozaji yule yule, mwigizaji yule yule.

Hata ndani ya Black Panther yenyewe, ngumi za pale kwenye maporomoko, za kugombea ufalme wa Wakanda, ni nzuri. T'Challa, steringi mwenyewe, amenyweshwa dawa ya kumtoa nguvu zake, yuko kifua wazi, maji yanafika kwenye vifundo, walinzi wanapunguza duara kwa mikuki, na nyuma yake ni shimo. Mpinzani wake M'Baku akimpiga unaona uso wa mama yake kule juu ya miamba. Ukitazama vizuri, T'Challa anashinda kwa kumbana mwenzake na kumsihi asalimu amri kwa sababu watu wake wanamhitaji. Wema huo unakuja kumwokoa baadaye. Ngumi na hadithi hapo ni kitu kimoja. Killmonger naye akija pale pale, na yale makovu yaliyojaa mwilini, kila kovu mtu mmoja aliyemuua, huhitaji kuambiwa nani ana hasira zaidi.

Halafu mwisho wake! Wote wawili wamefunikwa nyuso, mavazi karibu yafanane, mmoja mistari ya dhahabu, mwingine zambarau, wanaporomoka kwenye mgodi wenye giza na miili yao haina uzito. Mtu anaanguka kutoka juu kiasi kile na hushtuki. Wazo lenyewe si baya: treni ya madini ikipita, mitambo ya relini inaituliza vibranium, yale madini ya mavazi yao, mavazi yanafunguka na nyama inaonekana, kwa hiyo kisu kina mahali pa kupita. Ila limezama kwenye kompyuta. Studio kubwa kama hizi huwa na vikosi vyao vinavyochora mapigano mapema. Lucrecia Martel, mwongozaji wa Argentina, alisimulia kwamba Marvel walipozungumza naye kuhusu picha ya Black Widow walimwambia asihangaike na mapigano, watayashughulikia wao. Mimi nikisikia hivyo naelewa kwa nini picha nyingi za siku hizi zina watunzi wawili ndani yake, na huyo wa pili hakusoma kurasa za mwanzo.

Nje ya mgodi, wakati huo huo, kuna kitu kidogo nilichokipenda kuliko vishindo vyote. Kifaru wa vita anamwendea Okoye, kamanda wa walinzi wa mfalme, mbio, anafika, anasimama, anamlamba shavu. W'Kabi, mpenzi wake, anamuuliza kama kweli atamuua. Anajibiwa bila kupepesa macho kwamba kwa ajili ya Wakanda, ndiyo. Jamaa anatupa silaha na kupiga magoti. Hapo hakuna ngumi hata moja na ndiyo vita imekwisha.

Sasa chai yako. Nadhani ulisimama wakati kisu kimeshaingia. Ulichokosa ni T'Challa kumpandisha ndugu yake Killmonger juu akaone jua likizama, kwa sababu Killmonger aliambiwa na baba yake tangu utotoni kwamba hakuna machweo mazuri kama ya Wakanda. Anaambiwa anaweza kutibiwa. Anakataa, anataka azikwe baharini pamoja na wale wahenga walioruka kutoka melini, wakijua kifo ni afadhali kuliko minyororo. Bahari yake ni Atlantiki, lakini sisi tuliokulia jirani na Bagamoyo hatuhitaji mkalimani wa maneno hayo. Nilikuwa namchukia yule adui kwa saa mbili nzima, na kwa dakika hizo chache nikawa upande wake. Kwangu hilo linafidia mgodi, ingawa najua kwako halifidii.

Fanya hivi: ruka mgodi mzima, anzia kisu, kaa mpaka afe. Na tafadhali usitazame nakala iliyotafsiriwa. Nawapenda watafsiri wetu, kwenye picha za ngumi wanaongeza chumvi inayofaa, lakini pale mtafsiri anaongea juu ya maneno ya marehemu mpaka mwisho. Tafuta yenye maandishi chini.

Hiyo ya pili ya Raid, kama bado unayo kwenye flashi, mpe mdogo wako akija huku Ijumaa. Mwambie apige simu akifika stendi, nitamfuata.

Ni mimi swahiba wako.