Malaika sio wa Makeba jamani

Mhariri habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa hapa Igoma, Mwanza, napiga kinanda kwenye bendi ndogo ya harusi, sendofu na vipaimara, ndo maana hili jambo linanigusa. Jumamosi iliyopita tulikuwa ukumbini kule upande wa Kirumba, keki imeshakatwa, MC kashika maiki anatangaza kwamba sasa mnapigiwa Malaika, wimbo uliotungwa na Mama Afrika mwenyewe Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini. Vigelegele ukumbi mzima. Nikamwangalia mpiga besi wetu, na yeye akaniangalia, tukapiga tu maana advansi ya watu tulishaila.

Makeba hakuutunga. Aliuimba vizuri kweli, simnyimi haki yake, na yeye na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte waliuweka kwenye ile albamu yao ya 1965 iliyochukua tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, basi dunia ikaujua. Ila kabla yake Fadhili William, kijana wa Kitaita kutoka Kenya, alikuwa ameshaurekodi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Itafuteni hiyo ya Fadhili muisikilize usiku kumetulia, gitaa linatembea taratibu, jamaa anaimba kama anaongea na nafsi yake, hana mbwembwe yoyote, yani unamwamini kabisa kwamba mfukoni hana kitu.

Sasa hata huyo Fadhili kuna wanaombishia. Wapo wanaosema mtunzi ni Mtanzania, Adam Salim, kwamba aliutunga miaka ya 1940 baada ya wazazi kukataa asimuoe binti aliyempenda, yule binti akaozwa kwa tajiri. Wengine wanamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alishikilia kuwa ni wake, na alifariki Nairobi mwaka 2001 ubishi ukiwa bado uko palepale. Hicho kisa cha Salim kinaendana na maneno ya wimbo sawa, ila hapa Mwanza peke yake kila mtaa una kijana wa namna hiyo, kwa hiyo mi sikihesabu kama ushahidi. Ninachosema ni kwamba wote watatu ni watu wa huku kwetu na hakuna hata mmoja anayetajwa ukumbini.

Alafu kuna hili la kuupiga kwenye harusi, ambalo nalo linanichekesha kila wikiendi. Ule ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa! Anamwambia binti ningekuoa ila mali sina, na sisi tunamchezea bwana harusi ambaye ndugu zake wamehangaika mwaka mzima. Kuna siku tulikuwa Magu, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanifuata kwenye kinanda kabla hata sijamaliza, kanishika bega, "Mwanangu, huyo asiye na mali ni nani? Sisi ng'ombe kumi na tano tumetoa." Nikamwambia shikamoo mzee, ni wimbo tu. Hakuitikia. Akasimama pale pale pembeni mpaka tukabadilisha tukaweka mduara.

Na vijana wa bendi kila siku wananiuliza pale wimbo unaposema "kidege, hukuwaza" maana yake nini, wanadhani ni kukanusha, kwamba huyo kidege hakuwaza. Hapana. Hiyo ni hu ya mazoea, kama mtu anavyosema huja huondoka, kwa hiyo jamaa anasema kila mara nakuwaza wewe. Ukiuimba kama lawama umeshaharibu wimbo wote, unatakiwa uuimbe kama mtu aliyekosa usingizi.

Ulivyotembea huo wimbo ndo usiseme. Sweden huko kundi la Hep Stars waliurekodi 1967 ukawa hiti, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule yule aliyekuja kuwa wa ABBA, lile kundi maarufu la huko huko Sweden, hapa na mimi mpiga kinanda mwenzake najisikia vizuri kidogo. Boney M wakauchukua 1981, Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwenye albamu yake ya 1991, na hao ni wachache tu. Kila mmoja ana namna yake ya kutamka Kiswahili, mwingine ukimsikiliza unajua kabisa kakariri. Hainisumbui. Wimbo ukipendwa utaimbwa na kila mtu, hata sisi tunaupiga kwa biti ya kinanda cha kununua Makoroboi.

Mhariri naomba mtusaidie kulifikisha kwa maMC na madijei wa redio za Kanda ya Ziwa. Hawahitaji kutoa hotuba, watu wanasubiri pilau. Waseme tu huu uliimbwa na Makeba lakini aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William, na kwamba utunzi una ubishani, sekunde kumi zinatosha. Na MC wetu nilishamwambia nje ya ukumbi, akanijibu kaka watu wanamjua Makeba, huyo Fadhili wako nani atampigia vigelegele.

Jambo la mwisho, kama kuna mtu hapa Mwanza, iwe Nyakato, Mkuyuni au visiwani Ukerewe, ana santuri za zamani za marehemu babu yake zimelala stoo, asiwape wa vyuma chakavu. Mi naitafuta ile ya Fadhili, hata kama imekwaruzika nainunua.

Mpiga kinanda,
Igoma, Mwanza