Gari lako lina kufuli

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, baridi tu ndiyo imetukalia. Nisamehe kimya cha wiki tatu. Sikukusahau. Nilikuwa nahangaika na hili gari unalotaka kulinunua huku uletewe Mombasa, na sikutaka kukujibu kwa mkato halafu uende ukatume pesa.

Jana nilikwenda kuliona. Ni zuri, sitakuficha. Halina hata mkwaruzo, viti vya ngozi, ndani bado linanukia upya. Lakini pesa usitume bado. Nilikaa kwenye usukani, nikawasha, nikaanza kuipekua ile skrini ukurasa kwa ukurasa, na mara nikaona pembeni ya baadhi ya majina ya huduma za gari pana picha ndogo ya kufuli. Nikagusa moja. Ikaniletea bei: ya mwezi hii, ya mwaka hii. Nikamwita muuzaji. Akasema hayo ni mambo ya kampuni iliyolitengeneza, yeye anauza gari tu.

Moyo uliniruka, maana ndiyo yaliyonikuta mwenyewe na sikukwambia. Kazi yangu waijua, saa kumi na moja alfajiri niko njiani kwenda kuwaogesha wazee wangu, nyumba hii hadi ile. Kioo cha mbele huamka kimeganda barafu. Hili gari nililonunua Novemba lilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda kuliko vyote: niko jikoni nachemsha chai, nabonyeza simu, gari linajipasha moto lenyewe, nikitoka barafu imeshayeyuka. Miezi miwili nikastarehe. Asubuhi moja ya Januari nabonyeza, simu inaniambia muda wa huduma umekwisha, nilipie. Kumbe ile miaka mitatu ya bure alipewa mwenye gari wa kwanza, ikaja kuishia mikononi mwangu. Nikawapigia simu wenye kampuni. Kijana akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, umenunua gari, huduma hukununua."

Zuhura, kile kipasha joto kimo ndani ya gari langu! Kinatumia betri yangu. Na mimi nimesimama nje gizani nakwangua kioo, vidole vimekufa ganzi. Wiki mbili nilikataa kulipa. Ya tatu nikachelewa kwa bibi mmoja mwenye kisukari ambaye hali chochote mpaka nifike, nikamkuta anatetemeka. Jioni ile nikalipa.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatilia haya mambo usiku, watoto wakilala. BMW mwaka 2022 waliweka bei ya kupasha moto kiti: hapa Uingereza pauni 15 kwa mwezi, au 350 kwa mara moja. Watu wakapiga kelele, na Septemba 2023 wakasema wameacha. Nikafurahi, nikidhani yamekwisha. Kumbe Mercedes mwaka ule ule wa 2022 walitangaza kule Marekani dola 1,200 kwa mwaka ili magari yao ya umeme ya EQ yachomoke kwa kasi zaidi. Na 2025 Volkswagen wakaleta lao hapa hapa: ID.3 ambayo mota yake inaweza kutoa nguvu za farasi 228, lakini unakabidhiwa imebanwa kwenye 201. Ukizitaka zilizobaki, pauni 16.50 kwa mwezi, au 649 moja kwa moja. Mota ni ile ile. Hakuna fundi anayekuja kuongeza hata skrubu moja.

Sisemi kila malipo ni dhuluma. Ramani na habari za foleni kuna watu wanazifanyia kazi kila siku, mtu akitoza kwa hilo namwelewa. Lakini waya ulioshonwa chini ya ngozi ya kiti, ambao nimeshaulipia ndani ya bei ya gari, hiyo kodi ni ya nini?

Nimeikumbuka sana nyumba yetu ya Majengo. Babu aliijenga kwa mikono yake, miti na udongo, lakini kiwanja cha wenyewe, na kila mwezi kodi ya kiwanja lazima ipelekwe. Unakumbuka baba alivyokuwa akinyamaza siku ile ya kodi? Ila babu alijua tangu mwanzo kuwa ardhi si yake, walisemezana mbele ya mashahidi. Mimi gari nimelilipia lote, karatasi ina jina langu, na bado kuna mtu anadai kodi ya kiwanja ndani yake.

Basi rudi kwenye lako. Kenya hupokea gari lisilozidi miaka minane, kwa hiyo haya yenye makufuli ndiyo yanayokuja bandarini. Magari ya Japani tuliyazoea na vituko vyake, ile sauti ya mwanamke inayoulizia kadi ya kulipia barabara kwa Kijapani kila ukiwasha, mpaka marehemu bibi yako akawa anamwitikia "marahaba mwanangu." Na redio isiyoshika stesheni zetu, fundi Kassim akatia kidude chake ikasikika. Kwa hili Kassim atafungua nini? Kufuli lenyewe halimo garini, limo kwenye kompyuta ya watu huku Ulaya. Na ukikubali kulipa, utalipa kwa akaunti ya nani, ya huyu Mwingereza aliyeliuza?

Naona bora nikutafutie la zamani kidogo, lenye vitufe vya kubonyeza kwa kidole. Nimeliona moja, si zuri kama hilo la buluu, lakini kila kilichomo kinawaka.

Sasa niambie. Hivyo vilivyofungwa unavihitaji kweli, au ni rangi tu imekupendeza? Ni la biashara ya kubeba watoto wa shule bado, au umebadilisha nia? Kassim ameshakutana na gari la namna hii hapo Mombasa? Yule shemeji wa Rukia aliyeleta lake mwaka jana, skrini yake inafanya kazi yote? Muulize, tafadhali, na umwambie akupigie picha ya kila ukurasa. Na mama mguu umepoa?

Muuzaji amekubali kulishika hadi Alhamisi, kwa hiyo nijibu kabla ya hapo, hata kwa sauti ya simu. Mimi Jumatano sina zamu, naweza kurudi tena pale na orodha yako nikakijaribu kimoja kimoja.

Wako,
Mwanakombo