Kipimajoto nimempa dereva

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu sana. Tumefurahi kusikia Krismasi ya mwaka huu sote tunakuja kwako Ntinda, na kwamba utachoma bata mzinga mzima. Kuna kifurushi nimempa dereva wa basi la asubuhi kutoka hapa Tororo. Ndani yake, kwenye kitambaa, kuna kipimajoto cha nyama. Kipokee leo hii hii, kisikae kituoni.

Ulikuwa na miaka 6, labda hukumbuki. Nilinunua bata mzinga wa barafu, kilo 7, nikamtoa kwenye friza asubuhi ya sikukuu yenyewe. Mchana ngozi yake ilikuwa na rangi ya asali na nyumba yote inanukia, nikaamini ameiva. Jaja nikamkatia paja, maana ndiye mkubwa wetu. Alionja kidogo, akatulia, kisha akavuta matoke polepole kwa kijiko akaifunika ile nyama, nisiaibike mbele ya wageni. Niliposogea karibu nikaona damu mbichi kwenye mfupa, na nilipogusa palikuwa baridi. Ilibidi arudi ovenini. Alipoiva kweli, wewe ulikuwa umelala mkekani, kipande cha chapati mkononi.

Barafu ilikuwa haijaisha ndani, na mimi nilihukumu kwa macho. Ndege wa barafu anahitaji kama siku nzima ndani ya friji kwa kila kilo 2. Wa kilo 6 basi ni siku 3. Usimwache mezani usiku kucha, kwa sababu nje hupata joto na kuanza kuharibika huku ndani bado jiwe.

Lakini ukiniuliza mimi, nunua aliye hai. Kwanza chukua kamba upime oveni yako, upana na kina, ndipo uende sokoni. Dume anayetandaza mkia anavutia macho, ila oveni ya jiko la kawaida haimpokei. Chukua jike, ambaye akishasafishwa atakuwa kilo 4 au 5. Achinjwe tarehe 23, kwa kuwa nyama iliyochinjwa leo na kuchomwa leo hukaza. Anayemnyonyoa mwambie maji yawe ya moto sana lakini yasichemke. Yakichemka, ngozi inaanza kuiva na kuchanika manyoya yanapovutwa, na ngozi nzima ndiyo inayolinda kifua kisikauke.

Siku hiyo hiyo mpake chumvi, kijiko kidogo kimoja cha chumvi laini kwa kila kilo, nje na tumboni. Mweke kwenye friji bila kumfunika, rafu ya chini kabisa, asidondoshe maji juu ya vyakula vingine. Chumvi itazama nyamani na ngozi itakauka, ndiyo maana baadaye itakuwa kavu na kulia chini ya kisu. Usimwoshe tena kwenye sinki, maana matone yake hurukia vyombo na mboga zenu.

Siku yenyewe pitisha vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kifua, upake humo siagi iliyopondwa na kitunguu saumu na tangawizi. Tumboni weka kitunguu na limau tu. Wali upike pembeni, usimjaze, utachelewesha moto kufika katikati. Oveni iwe nyuzi 165. Jike wa kilo 5 atachukua kama saa 3, ila saa ya ukutani isikuamulie. Kifua huwahi kuiva kuliko mapaja, kwa hiyo kikishapata rangi kifunike kwa karatasi ya foili na uyaache mapaja yaendelee.

Sasa kipimajoto. Kichomeke kwenye paja, pale penye nyama nene, ncha isiguse mfupa. Pima na kifuani pia. Kote kukifika nyuzi 74, ameiva, hata kama rangi karibu na mfupa ina wekundu kidogo. Chini ya hapo hajaiva, hata ngozi ing'ae vipi. Ukishamtoa, mwache atulie nusu saa kabla ya kumkata. Wageni watakuhimiza. Wape karanga wasubiri, maana ukimkata papo hapo mchuzi wote utamwagika kwenye ubao.

Umeme wa huko naujua. Ukikatika akiwa nusu mbichi na usirudi upesi, usimwache ndani ya oveni ya vuguvugu hadi jioni. Mkate vipande, uvimalizie kwenye sufuria juu ya sigiri, na huko nako upime. Hatapendeza sinia, lakini watu watakula salama. Kwa hiyo mkaa uwepo nyumbani tangu tarehe 24.

Mifupa usitupe, mama yako ameshaiombea supu.

Jaja atakuja na sisi. Paja ni lake. Ukishakichomeka kipimajoto, nipigie simu hata kama niko njiani, unisomee namba.

Baba yako