Mafunzo ya Jumamosi kwa watoa dawa wa DLDM (Duka la Dawa Muhimu)

Ndugu watoa dawa,

Salaam. Mafunzo yataanza saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na rejesta yake ya dawa. Tangu mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, wagonjwa wengi vijijini huanzia dukani kwetu kabla ya kufika zahanati, na dhamana hiyo ni nzito.

Muda mwingi tutautumia kwenye jambo linaloniumiza sana: mteja anayeomba kapsuli nne tu za amoksilini, ambayo ni antibiotiki, kwa sababu fedha hazitoshi. Tukimkatia dozi, tunampeleka nyumbani na ugonjwa uleule huku tukichochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa hiyo tutafanya mazoezi ya kumweleza kwa heshima, hata foleni ikiwa ndefu. Vilevile, mtoto anayeharisha majimaji bila damu kwa kawaida hahitaji antibiotiki; apewe ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa), pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na mama aoneshwe namna ya kuyeyusha kidonge kwenye kijiko. Dawa mseto ya malaria tutaipitia kwa ufupi.

Atakayepata udhuru anijulishe kabla ya Ijumaa jioni, tafadhali.